Watu Saba na Kofia Moja

Wengi wenu mna mkutano wa jumuiya kila juma. Mnasali, mnasoma Injili, mnaimba, mnatoa sadaka, kisha mnaagana na kurudi nyumbani. Ni vema sana. Lakini yule mjane jirani yenu, ambaye nyumba yake inavuja, yeye amepata nini kwa mkutano ule? Swali hili si jipya. Liliulizwa huko Paris, mji mkuu wa Ufaransa, karibu miaka 200 iliyopita, tena liliulizwa kwa dharau.

Sikilizeni habari yenyewe. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Paris kikaua watu zaidi ya 18,000 katika mji ule mmoja. Mitaa ya maskini ndiyo iliyoumia kupita yote. Siku zile palikuwa na kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu waliokutana kujadiliana mambo ya historia, wenye dini na wasio na dini pamoja. Mmoja wao alikuwa Frédéric Ozanam, kijana Mkatoliki aliyesomea sheria. Yeye alilitetea Kanisa kwa ufasaha mwingi, akieleza mema yote liliyowatendea watu tangu zamani. Mpinzani mmoja akamjibu kwa maneno ya namna hii: Kweli, dini yenu ilifanya makubwa zamani, lakini leo ninyi mnafanya nini?

Neno lile lilimchoma Ozanam. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake Auguste Le Taillandier walichukua kuni walizobakiwa nazo za kuotea baridi, wakazipeleka kwa maskini mmoja kwa mikono yao wenyewe. Naye msomaji asidhani kuni ni zawadi ndogo. Baridi ya Paris huua.

Basi, Jumanne tarehe 23 Aprili 1833, siku aliyotimiza miaka 20, Ozanam na wenzake walifanya mkutano wa kwanza. Walikuwa saba tu: wanafunzi sita, na mtu mzima mmoja, Bwana Emmanuel Bailly, aliyewakaribisha katika ofisi ya gazeti lake. Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho sasa kina watu karibu 800,000 katika nchi 150 hivi, na Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Kumbe kilizaliwa katika chumba cha gazeti! Sisi wenye magazeti turuhusiwe kujivuna kidogo.

Vijana hao walikuwa na moyo, lakini maskini hawakuwajua. Walikwenda kwa Sista Rosalie Rendu, wa Shirika la Mabinti wa Upendo, aliyefanya kazi katika mtaa wa Mouffetard, ambao ulikuwa na ufukara mwingi. Sista huyo aliwajua watu wake nyumba kwa nyumba. Aliwapa vijana majina ya jamaa za kutembelea, na vyeti vya mkate vya kuwapelekea. Zaidi ya hayo aliwafundisha adabu: kuwa na subira, kusikiliza kwanza, kutokuwa wakali kwa mtu aliyekosa. Mwenyeheri Rosalie alifariki mwaka 1856. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri mwaka 2003. Ozanam alikuwa amekwisha kutangazwa mwaka 1997.

Mkutano wao wa kila juma ulikuwa mfupi, na hata leo desturi yake ni ile ile. Kwanza sala, halafu somo fupi la kiroho, halafu kumbukumbu za juma lililopita. Kisha ndipo kazi hasa: kila mmoja aliyetumwa anaeleza alikokwenda na alichokiona. Mgonjwa fulani amepata nafuu? Mtoto yule amerudi shule? Kodi ya nyumba imelipwa? Wanashauriana, wanapanga nani atakwenda wapi, tena wawili wawili. Angalieni vizuri jambo hili. Mtu ambaye hakwenda popote hana la kusema, basi ananyamaza. Laiti mikutano yetu yote ingekuwa na sheria hiyo!

Mwishoni hukusanywa fedha. Hapo mwanzo kijana Jules Devaux, mtunza fedha, alizungusha kofia yake. Siku hizi ni mfuko. Mfuko unapita kwa siri, kila mmoja anatia mkono ndani, wala jirani yake hajui kama ametia noti, au senti, au hakutia kitu. Mtu aliyeishiwa juma hilo hapati haya mbele ya wenzake. Katika vijiji vyetu mara nyingi tunasoma majina kwa sauti: fulani shilingi elfu, fulani mia tano, fulani bado. Labda kwa ujenzi wa kanisa yafaa. Kwa kazi ya maskini mimi naona haifai hata kidogo, maana pengine huyo anayeitwa "bado" ndiye anayestahili kutembelewa kesho.

Na kutembelea nako kuna namna yake. Wewe uliyetumwa, bisha hodi kama mgeni mwingine yeyote. Ukipewa kigoda, kaa, hata kama kimevunjika mguu. Usiangaze macho kuhesabu sufuria. Usiulize mbele ya watoto kwa nini baba yao hatumi fedha. Kama umeleta unga, usiuweke katikati ya ua ili wapita njia wauone. Ukipewa kikombe cha uji, kunywa. Mwenye nyumba naye ana haki ya kukupa kitu. Ukitoka, uliyoyaona yasifike kisimani wala kilabuni.

Waandishi wa maisha ya Ozanam wanasimulia habari moja ya siku ya Mwaka Mpya. Wakati huo alikwisha kuwa profesa, mwenye mke, Amélie, na binti mmoja. Alisikia kwamba jamaa moja maskini wameweka rehani kabati lao, kitu cha mwisho kilichowabakia tangu siku zao njema. Akataka kulikomboa. Mkewe akampa sababu nzuri za kumzuia, naye akakubali. Lakini jioni, alipotazama zawadi za mtoto wake zilizojaa nyumbani, hakuweza kuonja tamu yo yote. Amélie alipofahamu kisa chake, yeye mwenyewe akamhimiza aende. Akaenda, akalikomboa kabati, akarudi amefurahi. Wake na waume mlio na magomvi ya fedha, someni habari hii pamoja. Mama alikuwa na sababu zake, maana fedha za nyumbani hazitupwi ovyo. Na baba hakumpigia kelele.

Ozanam hakuishi sana. Alifariki Marseille tarehe 8 Septemba 1853, akiwa na miaka 40.

Sasa, ninyi wa vijijini mnaweza kuanza vipi? Msingojee fedha wala barua kutoka mjini. Mwoneni padre au katekista, mweleze nia yenu. Watu watano au saba wanatosha. Chagueni siku isiyo ya soko, na saa ambayo akina mama wamekwisha kupika. Anzeni na nyumba mbili tu: kwa mfano mzee asiye na mtu wa kumchotea maji, na yule mjane wa nyumba inayovuja. Kwa mzee hazitakiwi fedha, zatakiwa madumu na zamu ya vijana. Kwa mjane zatakiwa nyasi, kamba na Jumamosi moja ya wanaume wanne. Mwenye kuandika awe na daftari la pekee, alifungie sandukuni, kwa kuwa majina yaliyomo si ya kusomwa na kila mtu.

Na mfuko ushoneni kwa kitambaa kizito, ili senti zisilie.