Mkate Uliolala na Heshima ya Mgeni

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wazee wetu. Lakini katika nyumba nyingi za Kariakoo, mgeni akibisha hodi jioni, mwenyeji huanza kuhangaika. Mtoto hutumwa mbio dukani kununua biskuti za pakiti kutoka ng'ambo, na kumbe kabatini umo nusu mkate wa boflo wa jana, ambao kesho yake utatupwa. Makala haya yanautetea mkate huo.

Tunachopendekeza ni kitafunwa cha kutanguliza mlo: kipande cha mkate kilichokaushwa motoni, kikatandazwa jibini, kisha kikadondoshewa asali yenye pilipili. Wapo watakaosema kuwa jibini ni chakula cha hoteli. Hofu hiyo ina msingi, kwani bei yake si ndogo. Hata hivyo, gramu 150, ambazo watu wawili wangezimaliza kwa kuzitafuna hivi hivi, zikikwanguliwa nyembamba hutosha vipande 16, yaani wageni wanane.

Vinavyohitajika si vya mbali. Jibini hutengenezwa Njombe, kwa maziwa ya ng'ombe wa nyanda zetu za juu. Asali hutoka katika misitu ya miombo ya Tabora na Singida. Anayepita Mtaa wa Nyamwezi, jirani na soko, akumbuke kwamba watu wenye jina hilo ni warina asali mashuhuri tangu kale. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua Julai 2021, lakini biashara ya Kariakoo haikukoma. Pilipili na ndimu viliendelea kuuzwa kwa mafungu mitaani.

Anza na asali. Chukua vijiko vitatu vya chakula, tia pilipili mbuzi nusu iliyokatwa ndogo ndogo, chumvi kidogo sana na kijiko cha chai cha maji ya ndimu. Pasha kwa moto mdogo bila kuchemsha, kisha acha kwa robo saa ili ukali upenye.

Kata mkate slesi nane, kila slesi uigawe mara mbili. Vikaushe vipande katika kikaango kikavu, upande mmoja tu, mpaka viwe rangi ya kahawia. Vigeuze, na juu ya upande uliokauka tandaza jibini. Asiye na oveni asivunjike moyo: afunike kwa mfuniko wa bati na kupalia makaa juu yake, kama afanyavyo mpishi wa mkate wa kumimina. Baada ya dakika mbili au tatu jibini itakuwa imeyeyuka. Epua, ndipo udondoshe asali. Ikitiwa mapema, sukari yake huungua na kuwa chungu.

Utamu na ukali huo haugombani, na sababu ipo. Ukali wa pilipili huyeyuka katika mafuta, wala si katika maji. Kwa hiyo jibini huutuliza pale ambapo bilauri ya maji ingeshindwa.

Yapo ya kuangalia. Mkate uliolala ni mmoja, na mkate ulioota ukungu ni mwingine. Huo wa pili utupwe wote, kwa maana kukwangua ukungu wa juu hakuondoi uliokwisha kupenya ndani. Jibini inunuliwe mwisho, katika duka lenye jokofu, kwani joto la Dar es Salaam haliisubiri. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, maana yaweza kumletea sumu ya hatari mwilini.

Ndugu msomaji, jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobeba vyakula vya majeshi huku wengi wao wakifa kwa njaa na maradhi. Katika mtaa wenye jina hilo, kutupa mkate si jambo dogo. Mgeni hatakuuliza pakiti imetoka nchi gani. Atakumbuka kwamba alipewa kitu cha moto, kilichotengenezwa kwa mkono wako, na kwamba hukuona haya kumkaribisha kwa ulicho nacho.