Mwanafunzi afunzwe kuuhoji mtandao

Muhula uliopita nilikuwa nikisoma rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, iliyohusu maneno ya mkopo katika Kiswahili. Hoja zilifuatana kwa utaratibu na marejeo yalijaa kurasa nne. Miongoni mwa marejeo hayo nilikuta kitabu ambacho sikuwa nimepata kukisikia, kilichodaiwa kuandikwa na msomi ninayemfahamu vizuri. Nilifurahi, nikakitafuta ili nami nikisome. Maktabani hakikuwepo. Katika orodha ya mchapishaji hakikuwepo. Hatimaye nilimwandikia msomi mwenyewe. Jibu lake lilikuwa fupi: hakuwahi kukiandika.

Nilimwita mwanafunzi ofisini nikiwa nimefura kwa hasira. Alikiri kwamba alikipata kitabu hicho kwa programu ya akili mnemba, mojawapo ya zile ambazo ukiziuliza swali hukutungia jibu papo hapo. Kisha akaniuliza kwa unyenyekevu, "Daktari, ningejuaje kwamba hakipo? Jina la mwandishi ni la kweli, na mchapishaji ni wa kweli."

Hasira ikaniishia. Nilikumbuka kwamba kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikisahihisha marejeo kwa kutazama kama nukta na mabano yamekaa mahali pake. Vitabu vyenyewe sikuvifungua. Kama nisingemfahamu msomi yule, ningekipitisha kitabu kile kwa wino wangu mwenyewe. Je, ni vingapi nilivyokwisha kuvipitisha?

Tusidhani kuwa aibu hii ni ya wanafunzi peke yao. Mnamo 2023 mahakama moja mjini New York iliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000, kwa kuwasilisha maamuzi ya kesi ambazo hazikuwahi kusikizwa popote. Yalikuwa yametungwa na programu ya ChatGPT. Sababu si ngumu kueleza. Programu za aina hii husomeshwa maandishi mengi mno hadi zikatambua ni neno gani huelekea kufuata jingine. Zina ustadi wa kuunda sentensi, na sisi wanaisimu twajua kwamba sentensi yaweza kuwa sanifu kisarufi na bado ikawa uongo mtupu.

Hata kabla ya programu hizo tulikuwa tukidanganyika. Mwaka wa 2017 watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza uchunguzi waliowafanyia watu 45: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamifu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Wote walipewa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walihadaiwa na nembo ya kupendeza na jina la heshima. Wahakiki wa habari hawakukaa kwenye ukurasa. Waliuacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kujua watu wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti ile. Basi uzamifu, ambao nami ninao, si kinga.

Tangu kisa cha tasnifu ile nimebadilisha somo langu la kwanza. Huwauliza wanafunzi: wazungumzaji wa Kiswahili ni wangapi? Dakika tano baadaye, simu zikiwa mikononi, majibu huja: milioni 80, milioni 100, milioni 150, zaidi ya milioni 200. Idadi ya mwisho hutajwa na UNESCO, na wanafunzi hutaka tuishike kwa kuwa shirika hilo ni kubwa. Hapo ndipo somo huanza. Nani alihesabu? Lini? Je, alihesabiwa aliyezaliwa Lamu akalelewa kwa Kiswahili tu, au hata yule wa Kisangani aliyejifunza Kiswahili ukubwani kwa shughuli za soko? Idadi isiyosema imehesabu nini haijatuambia kitu. Kisha huwatuma waifuate kila tarakimu hadi chimbuko lake. Wengi hurudi wakieleza kwamba ukurasa wa kwanza umenukuu wa pili, wa pili umenukuu wa tatu, na wa tatu haukutaja ulikoitoa.

Wahenga walinena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa barazani, lakini katika utafiti yapotosha. Kitabu kile kilisemwa, hakipo, wala hakiji.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kufanyiwa majaribio humu nchini 2017, umeuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, kujua kubonyeza na kutafuta si kujua kupima. Walimu wenzangu, hatuna budi kutoa alama kwa njia aliyoipitia mwanafunzi na si kwa jibu pekee. Aseme nani kaeleza jambo hili, kajuaje, na nani mwingine asiye na uhusiano naye kalithibitisha. Marejeo nayo tuyafungue, japo machache, mbele ya darasa. Shule isiyo na tarakilishi isiseme haiwezi. Maswali hayo yaweza kuulizwa juu ya kitabu cha kiada, juu ya gazeti, na hata juu ya makala haya.

Mwanafunzi wangu alikiondoa kitabu kile, na sura nzima iliyokiegemea ikaporomoka. Ilimchukua miezi miwili kuiandika upya. Tasnifu yake sasa ni nyembamba kuliko ile ya awali na marejeo yake hayajazi kurasa mbili. Nimeyafungua yote, moja baada ya jingine, naye akiwa ameketi kando yangu.