Muziki: The Kinks na wanaokula jasho la mwimbaji

Mwaka wa 1964, kijana wa London, Dave Davies, alikata spika yake kwa wembe ili gitaa lingurume. Wimbo ukashika namba 1 Uingereza. Miaka 6 baadaye kundi lake, The Kinks, likatoa albamu nzima juu ya kuwa nyota. Ndani yake mwanamuziki anabisha kwa wachapishaji wa nyimbo, diski yake inapanda hadi namba 1, kisha pesa zinazunguka mikononi mwa wengine. Ray, kaka yake Dave na mtunzi mkuu, hakutumia mafumbo: aliwaimba mameneja kwa majina yao. Ajabu, albamu hiyo ndiyo yenye «Lola», wimbo uliowarudisha karibu na kilele cha chati. BBC ilikataa jina la Coca-Cola. Ray akapanda ndege kutoka Marekani, akabadili neno moja.