Jeshi la mezani: Kazi ya miaka mingi mikononi mwa nani?

KATI ya mwaka 2014 na 2015, kampuni ya Games Workshop yenye makao yake mjini Nottingham, Uingereza, ilitoa mfululizo wa vitabu vilivyosimulia namna ulimwengu wa mchezo wake wa Warhammer ulivyoangamia. Falme zilianguka, miji ikateketea, na mwishowe dunia hiyo ya kubuni ikasambaratika kabisa. Julai 2015 mchezo mpya, Age of Sigmar, ulishika nafasi ya ule wa zamani.

Kwa asiyeufahamu mchezo huo, hizo ni hadithi tu. Lakini kwa waliokuwa na majeshi kabatini, lilikuwa pigo. Wapo waliokuwa wametumia zaidi ya miaka 20 kuunganisha na kupaka rangi visanamu vya askari, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya mchezo ambao sasa mwenyewe ameufunga. Mchezaji mmoja alijirekodi akilitia moto jeshi lake, na picha hizo zikasambaa upesi.

Ili kuelewa hasira hiyo, yafaa kwanza kufahamu mchezo huu ni wa namna gani, na jeshi la mezani huundwaje.

Asili yake si ya kitoto. Mwaka 1812, Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia meza maalumu ya kuigizia vita. Mwanawe aliuboresha mchezo huo, na kufikia mwaka 1824 maofisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakiutumia kujifunza mbinu za vita juu ya ramani. Mwaka 1913, mwandishi Mwingereza H.G. Wells alichapisha kitabu, Little Wars, kilichoweka kanuni za kupigana kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo inayorusha vipande vya mbao. Wells aliona vita vya sakafuni ni bora kuliko vya kweli. Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikalipuka.

Mazimwi, majoka na wachawi waliingia baadaye. Mwaka 1971 Wamarekani Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati zilizokuwa na sehemu ya viumbe wa kubuni. Mwaka 1983 Games Workshop ikatoa Warhammer, kazi ya Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley. Majeshi ya mchezo huo yalichota kutoka historia na ngano za Ulaya. Bretonnia, kwa mfano, ni taifa la mashujaa wapanda farasi lililoigwa kutoka Ufaransa ya kale na visa vya Mfalme Arthur, ilhali Dola lao jirani linafanana na Ujerumani ya karne ya 16.

Mchezo wenyewe huchezwa na watu wawili kwenye meza, aghalabu yenye urefu wa futi sita na upana wa futi nne. Hakuna miraba kama ya sataranji. Umbali hupimwa kwa tepu, na matokeo ya mshale au upanga huamuliwa kwa dadu. Askari hawatembei mmoja mmoja. Husimama kwa safu, bega kwa bega, na kikosi kizima husogezwa pamoja juu ya sinia dogo. Anayefaulu kumshambulia adui ubavuni au mgongoni hupata faida kubwa, hivyo ushindi mwingi hupatikana kwa kujipanga kabla hata dadu haijarushwa.

Kila kisanamu kina urefu wa takriban milimita 28 kutoka nyayo hadi macho. Vya zamani vilimiminwa kwa madini yaliyochanganywa na risasi, ambayo ni sumu, hususan kwa watoto. Katika miaka ya 1990 kampuni kubwa ziliachana nayo na kutumia mchanganyiko usio na risasi. Hata hivyo, vile vya zamani bado vinauzwa mkononi, na anayevinunua hapaswi kuvikwangua bila kuzuia vumbi lake, wala kula kabla ya kunawa mikono.

Siku hizi visanamu vingi ni vya plastiki, na tofauti hiyo ina sababu za kiuchumi. Madini humiminwa katika kalibu ya mpira, ambayo ni rahisi kutengeneza lakini huchakaa upesi. Plastiki hushindiliwa katika kalibu ya chuma, ambayo gharama yake ni kubwa mno. Kiwanda hakiwezi kurudisha fedha hizo bila kuuza maboksi mengi. Ndiyo maana askari wa kawaida, wanaohitajika kwa makumi, huwa wa plastiki, na kiongozi anayehitajika mmoja tu mara nyingi amekuwa wa madini.

Nyuma ya kila kalibu yupo msanii aliyefinyanga umbo la kwanza. Miongoni mwa wanaoheshimiwa zaidi ni mapacha Alan na Michael Perry wa Uingereza. Mwaka 1996, Michael alipoteza mkono wake wa kulia katika ajali ya mzinga, wakati wa maigizo ya vita vya kale nchini Ufaransa. Alijifunza upya kufinyanga kwa mkono wa kushoto, na hata leo visanamu vyake vya askari wa zama za kati vimo katika majeshi mengi.

Mnunuzi hapokei askari aliyekamilika. Hupokea fremu zenye vichwa, mikono, ngao na mikuki iliyotengana. Kwanza hukata kila kipande kwa koleo, kisha hukwangua kwa kisu mstari mwembamba uliobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Anayeuacha mstari huo huujutia baadaye, kwani rangi haiufichi, huudhihirisha.

Hufuata kuunganisha. Gundi ya plastiki haibandiki tu, bali huyeyusha kidogo nyuso mbili zikawa kitu kimoja. Gundi hiyo haifai kitu kwa madini, ambayo huhitaji gundi kali ya kukauka papo hapo. Ni busara pia kuwapanga askari kwa safu kabla gundi haijakauka, maana mkuki ulioelekezwa vibaya humzuia wa mbele kusimama mahali pake.

Baada ya hapo hupuliziwa rangi ya awali ili rangi nyingine zishike. Kazi hii hufanywa nje au penye hewa ya kutosha, na si siku yenye unyevu mwingi, kwani rangi huweza kukauka ikiwa na chembechembe. Zifuatazo ni hatua tatu ambazo hata asiye msanii anaweza kuzimudu. Hupakwa rangi ya msingi kwa kila sehemu. Kisha rangi nyepesi kama maji, yenye giza, inayotiririka na kujaa kwenye mikunjo ya nguo na viungo vya deraya na kuwa kivuli. Mwishowe brashi iliyokaushwa hupitishwa juu juu ili kung'arisha sehemu zilizochomoza. Vanishi hufunga kazi, kwa kuwa askari hawa watashikwa kwa vidole mara nyingi.

Ugumu haumo katika hatua hizo, bali katika idadi. Jeshi la askari wa miguu laweza kufikia visanamu 100 au zaidi. Iwapo kila kimoja kitachukua saa moja, anayefanya kazi saa moja kila usiku atahitaji zaidi ya miezi mitatu bila kupumzika hata siku moja. Ndiyo sababu wazoefu hupaka kikosi kimoja kwa wakati, rangi moja kwa askari wote kabla ya kushika nyingine, na hawanunui boksi jipya kabla la zamani halijakwisha. Jitihada kubwa huwekwa kwa safu ya mbele, bendera na kiongozi, mahali jicho linapotua. Askari wa safu ya tatu hahitaji mboni za macho.

Jeshi likiwa tayari, huhitaji uwanja. Hapa ndipo fedha nyingi zinapoweza kuokolewa, kwani mandhari bora hutokana na vitu vinavyotupwa. Kilima huchongwa kwa povu gumu la plastiki, mithili ya lile linalozuia televisheni mpya isivunjike ndani ya boksi. Povu laini lenye punje huchanika ovyo. Lile gumu la kuzuia joto kwenye majengo hukatika vizuri na hukubali kuchorwa mawe kwa ncha ya kalamu. Ukuta wa ngome hupatikana kwa njia hiyo, na kibonge cha karatasi ya alumini kikisukumizwa juu yake, huuachia mikwaruzo inayofanana na ya jiwe la kweli.

Gundi nyeupe ya maseremala na mchanga uliochekechwa hufanya ardhi. Majani ya chai yaliyochujwa na kukaushwa hugeuka kuwa majani yaliyoanguka msituni, na vijiti vikavu huwa miti. Jambo moja huwaponza wengi: rangi ya kopo la kupuliza ina kemikali inayokula povu. Kilima kilichofanyiwa kazi wiki nzima huweza kutoboka kwa dakika chache. Povu sharti lifunikwe kwanza kwa rangi ya maji iliyochanganywa na gundi nyeupe.

Mandhari si pambo tu. Uwanja mtupu huwapa ushindi wenye mishale na mizinga, kwani adui hana pa kujificha. Uwanja uliosongamana nao huzuia vikosi vya safu visipite. Hivyo mjenzi huweka msitu au nyumba kadhaa za kuziba macho, kilima au viwili, na njia pana kati yake. Mti bora ni ule unaong'oka kutoka kitako chake, ili kikosi kiweze kuwekwa ndani ya msitu bila askari kuanguka.

Kwa kuzingatia yote hayo, ni rahisi kuona kwa nini uamuzi wa mwaka 2015 uliuma. Mchezo mpya ulikuja na kanuni za kurasa nne, na visanamu vyake vilisimama juu ya vitako vya mviringo, visivyopangika kwa safu. Hakuna aliyenyang'anywa askari wake, lakini jeshi lisilo na mchezo ni sawa na kete bila bao.

Yaliyofuata yalikuwa funzo. Wachezaji, wengi wao wa Ulaya, waliungana wakatunga kanuni zao wenyewe kwa jina la The 9th Age. Wengine walihamia Kings of War, mchezo wa kampuni ya Mantic, ambayo nayo ni ya Nottingham, ulioandikwa na Alessio Cavatore, aliyewahi kufanya kazi Games Workshop. Mchezo huo unaruhusu visanamu vya mtengenezaji yeyote. Isitoshe, askari hawaondolewi mmoja mmoja wanapokufa. Kikosi huhesabiwa kama kitu kimoja, hivyo mtu aweza kuwabandika wachache katika mandhari ndogo ya kuvutia na kuokoa fedha na muda.

Novemba 2019, Games Workshop ilitangaza kuurudisha ulimwengu wake wa zamani. Mchezo huo, The Old World, ulitoka Januari 2024, na Bretonnia ilikuwa miongoni mwa majeshi ya kwanza. Vitako vya mraba vilirejea, ila kwa vipimo vingine. Askari wa miguu wa kibinadamu aliyesimama juu ya milimita 20 sasa alitakiwa kusimama juu ya milimita 25. Tofauti yaonekana ndogo, lakini safu ya watu watano iliyokuwa na upana wa milimita 100 sasa ni 125. Ilibidi wenye majeshi ya zamani wabandue askari wao, au watengeneze masinia yenye nafasi za kuziba pengo hilo. Wengi walichagua masinia.

Kampuni yenyewe haikuyumba. Desemba 2024 iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa za Soko la Hisa la London, mafanikio ambayo yametokana zaidi na mchezo wake mwingine wa vita vya anga, Warhammer 40,000. Wakati huohuo, mashine za nyumbani za kuchapa maumbo zimewezesha watu kujitengenezea askari wao, jambo linaloibua maswali ya hakimiliki na kupunguza nguvu ya kiwanda juu ya mchezaji.

Kwa anayefikiria kuanza, mafunzo ya miaka hiyo yako wazi. Aanze na kikosi kimoja na kilima kimoja, si jeshi zima. Achague mwenzake wa kucheza naye kabla ya kuchagua kanuni, kwa kuwa kanuni nzuri bila mpinzani hazina kazi. Na asibandike askari wake kwa namna isiyobanduka, maana vipimo hubadilika kwa amri ya wengine.

Kanuni ni mali ya aliyezichapisha, naye anaweza kuzifuta wakati wowote. Rangi iliyopakwa kwa usiku 100 ni mali ya aliyeipaka. Waliolielewa hilo mwaka 2015 waliyafungia majeshi yao kabatini badala ya kuyachoma, na miaka tisa baadaye wakayatoa, wakayafuta vumbi, wakayapanga tena mezani.