Kicheko Hufunga Ulimi

Wako watu wanaojua lugha lakini hawaisemi. Wamesoma sarufi yake, wamefaulu mitihani yake, hata barua huandika ikasomeka. Lakini akitokea mwenyewe lugha mbele yao, maneno yote hukimbia. Mkenya aliyesoma Kifaransa miaka minne shuleni hupatwa na hali hiyo mbele ya Mfaransa. Ndugu msomaji, wengi wetu wa pwani hatujui kuwa Mkenya huyo huyo hupatwa nayo mbele yetu sisi, katika Kiswahili.

Haya niliyaona Asumbi, mahali palipokua kando ya misheni ya Wakatoliki, katika wilaya iliyokuwa ikiitwa Nyanza Kusini na ambayo leo ni kaunti ya Homa Bay. Hapo pana shule, na pana chuo cha walimu wa shule za msingi. Wenyeji ni Waluo, na mwendo si mrefu huanza nchi ya Wakisii. Mluo na Mkisii wakikutana sokoni, aghalabu huuziana kwa Kiswahili. Huko hakuna aonaye haya. Bei hutajwa, bei hupunguzwa, ndizi zikaenda huku na samaki wakaenda kule.

Lakini mwanachuo mmoja, kijana wa Kiluo, aliniambia maneno yaliyonikaa moyoni: "Mzee, nikiwa na wenzangu nasema tu. Nikisikia huyu ametoka Mombasa, ulimi unakuwa mzito. Ninyi hucheka." Nikamwuliza, basi akienda shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, somo la Kiswahili hulifundishaje? Akainama kidogo, akasema kuwa huandika ubaoni sana, na maelezo huyatoa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye hasara. Mwalimu anayeogopa kusema hufundisha watoto kuogopa. Watoto hao watakua wakijua kwamba Kiswahili ni kitu cha kuandika mtihanini, kisha wafunge kinywa.

Sheria zipo za kutosha. Mwaka 1974 Hayati Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Bungeni kusemwe Kiswahili. Mwaka 1979 Kiingereza kikaruhusiwa tena humo pamoja nacho. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa. Katiba ya mwaka 2010 imekitaja kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Yote ni mema. Lakini sheria huweza kumlazimisha mtu kufanya mtihani, haiwezi kumpa ujasiri wa kusema.

Na tutazame hicho tunachokicheka. Dholuo haina sauti ya sh, wala ya z, wala ya v. Kwa hivyo shamba huwa "samba", zawadi huwa "sawadi". Hata chumvi ilipoingia katika Dholuo iligeuka ikawa "chumbi", na mchele ukawa "ochele", na hakuna Mluo aliyetuomba radhi, wala hapana haja. Pia Dholuo si lugha ya Kibantu, haina ngeli. Mkisii akisikia "kitabu changu kimepotea", sikio lake linatambua mwendo huo, kwa sababu lugha yao nayo ina ngeli. Mluo inambidi aujenge mwendo huo tangu msingi. Anayebeba mzigo mzito zaidi akichelewa kufika, hachekwi, hupokewa mzigo.

Tena liko jambo ambalo wacheka wengi hawalijui. Sisi watu wa Mvita tuna t mbili. Moja ncha ya ulimi hugusa meno, na ya pili hugusa ufizi. Kwa t ya menoni, "kuteka" ni kule ambako Kiswahili sanifu hukuita kucheka. Kwa t ya ufizini, ni kuteka maji. Tahajia ya sanifu haitenganishi sauti hizo, na wengi waliojifunza Kiswahili vitabuni hawazijui. Lakini Mluo anazo tangu utotoni! Kwake "to" ni lakini, na "tho" ni kifo. "Dok" ni kurudi, na "dhok" ni kinywa. Ndiyo maana ya Dholuo: kinywa cha Waluo. Basi mtu tunayemwona mgeni kabisa wa lugha yetu ana kitu cha Kimvita kinywani mwake, ambacho msomi wa sanifu amekikosa.

Nilipomwonyesha kijana yule hizo t mbili, alizitamka papo hapo bila taabu. Nikamwona amekaa sawa kitini, na baada ya hapo tulizungumza kwa Kiswahili mpaka jua likapinda.

Mimi nimesomea chuo cha Kurani, na huko nilijua jinsi ulimi unavyofunzwa. Kiswahili chetu hakina ayni, wala kafu ya kooni. Tulikaa mkekani, kila mmoja akasoma kwa zamu, na mwalimu akisikia herufi imetoka pasipo pake, huigusa koo yake mwenyewe, huitamka, nasi huifuata. Mara kumi, mara ishirini. Wenzetu hawakucheka, kwa kuwa kila mtu alijua zamu yake yaja. Kwa njia hiyo watoto wa Kiswahili wakatamka herufi za Kiarabu. Mbona sisi tuliovumiliwa hivyo hatuvumilii wengine?

Kwa hivyo, kwa walimu wa vyuo, nasema: wapeni wanafunzi kazi za kusema kabla ya kazi za kuandika. Mmoja atangaze mechi, mwingine aelekeze njia kutoka Asumbi mpaka Kisii, wa tatu auze ndizi za kubuni kwa bei ya kubuni. Mwacheni msemaji amalize, asikatizwe katikati ya sentensi. Akisema "samba langu", mwalimu ajibu, "Ndiyo, na hilo shamba lako lina mahindi?" Neno sahihi limekwisha pita sikioni, na aibu haikupita. Sauti za sh na z zifanyiwe mazoezi darasa zima kwa pamoja, kama tulivyofanya chuoni, asitengwe mtu.

Kwa mwanafunzi nasema: usingoje mpaka ukijue chote. Soko limekwisha kukuonyesha. Pale ulisema kwa sababu ulitaka samaki wako wanunuliwe, na akili haikuwa na nafasi ya kuogopa. Uchukue ujasiri huo wa sokoni uuingize darasani.

Na kwa ndugu zangu wa pwani: miaka mingi katika shule nyingi za Kenya, mtoto aliyesema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni ili aone haya. Tulilaani jambo hilo. Kicheko chetu ni kibao kile kile, ila hakionekani. Nawaachia beti hii moja:

Anenapo sikieni, hata neno likikwama,
Kosa lake mwambieni, kwa maneno ya heshima,
Vicheko viepukeni, hufunga kinywa daima,
Hana ugeni lughani, mwenye hamu ya kusema.