Ngozi Inayowasha: Ukurutu Si Uchafu, Wala Hauambukizi



Labda ngozi yako ni kavu, inawasha na kutoa magamba kwenye viwiko, nyuma ya magoti au mikononi. Labda ilianza utotoni, ikarudi ulipoanza kushika simenti na grisi. Huo ni ukurutu, ambao wengine wanauita pumu ya ngozi. Hauambukizi, na hakuna aliyekuroga. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: mahali pagonjwa panakuwa peusi zaidi au kijivu.

Unatoka wapi? Ngozi ni kama ukuta. Ndani yake kuna protini iitwayo filagrini, inayoshikanisha ukuta huo na kuhifadhi maji. Mwaka 2006, wataalamu wa Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba aliyezaliwa na kasoro katika jeni ya filagrini hupata ukurutu kwa urahisi. Ukuta ukipasuka, maji yanatoka, na vumbi na sabuni kali vinaingia.

Lakini wataalamu walipotafuta kasoro hiyo kwa wagonjwa wa Ethiopia na Afrika Kusini, waliiona kwa nadra sana. Basi kwetu ukuta unaharibikaje? Jibu moja linatoka katika kupima protini. Utepe wa gundi unabandikwa juu ya ngozi na kubanduliwa. Unatoka na tabaka jembamba, bila kisu. Kwenye maabara protini za tabaka hilo zinahesabiwa. Imejulikana kwamba protini mbili za uvimbe, interlukini 4 na 13, zinapunguza filagrini hata kwa mtu aliyezaliwa na jeni nzima. Nyingine, interlukini 31, inaleta mwasho. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu sindano ya dupilumab, inayozuia hizo mbili za kwanza. Ni ghali sana. Lakini kulinda ukuta wa ngozi kila mtu anaweza.

Fuata haya:

1. Oga kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Paka vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu, kila siku, hata ukiona umepona.

2. Vaa glavu kavu unaposhika simenti na grisi. Usioshe mikono kwa esansi wala mazutu.

3. Vumbi la mawe ya volkano ni jingi hapa Goma wakati wa kiangazi. Vaa mikono mirefu, na ukitoka kazini oga kabla ya kulala.

4. Usijitibu kwa krimu za kujichubua. Nyingi zina kortizoni kali: mwasho unatulia siku chache, kisha ngozi inakuwa nyembamba na ugonjwa unarudi kwa nguvu.

5. Kama nyumba nzima inajikuna usiku, huenda ni upele. Huo unaambukiza na una dawa yake. Njooni wote dispanseri.

6. Ukiona usaha, maji ya manjano au homa, fika siku hiyo hiyo.

Kwenu wakubwa wa vikundi: mwenye mikono iliyopasuka apewe kazi kavu mpaka apone. Asipofanyiwa hivyo ataficha ugonjwa, na atakuja kwetu mikono ikiwa imeoza. Na wewe mwenzake, kula naye sahani moja bila hofu.