HERUFI KIFUANI: TAASHIRA KATIKA RIWAYA ZA MAREKANI

Wenzangu wengi wakisikia neno taashira huingiwa na baridi, ati ni mambo ya wasomi wakubwa. Wapi! Taashira ni kitu cha kawaida tu, kama nguo, taa au mnyama, ambacho mwandishi hukitumia kuwakilisha wazo kubwa kuliko kitu chenyewe. Mimi niliielewa siku niliposoma kisa cha Hester Prynne.

Riwaya hiyo, The Scarlet Letter, ni ya Nathaniel Hawthorne na ilichapishwa mwaka wa 1850. Kisa kinatokea Boston katika karne ya 17, miongoni mwa Wakristo wenye msimamo mkali. Hester, mke wa mtu, amezaa na mwanamume mwingine. Anasimamishwa jukwaani mbele ya umati, mtoto mkononi, na kuamriwa avae herufi A nyekundu kifuani. Herufi hiyo ndiyo inayoanza neno la Kiingereza la uzinzi.

Hebu sasa tazama ufundi wa mwandishi. Hester anaitarizi herufi hiyo kwa uzi wa dhahabu. Anajilisha kwa kushona, anauguza wagonjwa, anasaidia maskini. Miaka inapita, na watu walewale waliomdharau wanaanza kusema kwamba A yake ni ya uwezo, maanake neno hilo nalo kwa Kiingereza huanza kwa A. Herufi ni ileile. Maana ndiyo imegeuka. Naye mchungaji Dimmesdale, baba wa mtoto, anaificha dhambi yake hadi inamla ndani kwa ndani. Kumbe aibu ya hadharani haikummaliza Hester. Siri ndiyo iliyommaliza mchungaji.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikumbuka darasa la tano, katika shule ambayo sitaitaja, nilipovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Nilikivaa kutwa nzima, nikachekwa hata na marafiki zangu. Kilikuwa kibao chepesi tu, lakini siku hiyo kilinilemea ajabu! Jioni nyanya aliponisalimia kwa lugha yetu, sikumjibu. Leo nikikumbuka kibao kile sioni kosa langu tena. Naona lugha ya nyanya ikizibwa mdomo. Maana yake imegeuka, kama ile A.

Hata katika The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald ya mwaka wa 1925, Gatsby huitazama taa ya kijani ng'ambo ya maji, kwenye gati ya akina Daisy. Taa hiyo ni ndoto yake. Siku Daisy anaposimama kando yake, inarudi kuwa taa tu.

Basi ukisoma, jiulize: Ni kitu gani kinachorudiwarudiwa? Kinajitokeza wakati gani muhimu? Je, mwishoni kina maana ileile ya mwanzoni? Usiandike kwenye mtihani kwamba nyekundu ni damu ukaishia hapo. Toa ushahidi kutoka kitabuni.

Nami likizo iliyopita niliketi na nyanya jikoni, tukazungumza lugha yetu hadi moto ukazimika. Kiswahili nakipenda, lakini wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa.

Kiswahili oyee!